Feda inakwaruza, kitufe hakishiki, deki inavuma: nianzie wapi?

Swali: Nina mikisa ya DJ ya chaneli mbili, deki mbili za santuri na kontrola ya USB. Krosifeda ya mikisa inakwaruza, na hata nikiisukuma hadi mwisho bado wimbo wa upande wa pili unasikika kwa mbali. Kwenye kontrola, sauti inarukaruka nikisogeza feda ya chaneli ya kwanza, na kitufe cha kucheza hakishiki mpaka nikikandamize kwa nguvu. Deki ya kushoto inavuma, tena mara nyingine sikio moja linakufa. Nina bisibisi na chuma cha kulehemu, ila sijawahi kufungua mashine hizi. Rafiki ameniambia nipulizie WD-40 kila mahali. Je, naweza kujitengenezea nyumbani?

Jibu: Ndugu msomaji, kopo hilo la WD-40 liweke pembeni kwanza, tutalirudia. Yote uliyoyataja yanatengenezeka mezani nyumbani, na huenda mawili kati yake yasihitaji hata bisibisi. Kinachowaponza wengi ni haraka: mtu anaifumua mikisa nzima, kumbe ni waya wa nje umekatika nyuma ya plagi. Kwa hiyo anza kwa kujua mkwaruzo wako ni wa aina gani, maana sikioni yote inafanana, ila vyanzo vyake ni mbali na mbali.

Mkwaruzo unaotokea pale tu unaposogeza feda (kile kitelezi cha sauti) au kuzungusha kitasa ni uchafu, au ni njia ya kaboni iliyochakaa. Unaotokea ukitikisa waya ni waya wenyewe, plagi, au soketi iliyolegea kwenye bodi. Unaotokea hujagusa chochote, muziki ukitoka kwenye kompyuta, mara nyingi hauna uhusiano wowote na vumbi: kompyuta imechelewa kuipelekea kontrola sauti. Huo unatibiwa kwenye mipangilio ya sauti ya programu yako, kwa kuongeza ukubwa wa bafa, yaani akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuchezwa. Kwa 44,100 Hz, bafa ya sampuli 128 inaipa kompyuta takriban milisekunde 2.9 za kujipanga. Ya 512 inaipa 11.6. Panda hatua moja moja, na mkwaruzo ukiisha, hapo umemaliza kazi. Kama kontrola inakula umeme wa USB peke yake, ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta: tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampea 500, na kigawanyio kisicho na umeme wake kinazigawa hizo hizo kwa vifaa vyote. Taa za kontrola zikififia bezi inapopiga, usihangaike na kitu kingine kabla ya kulimaliza hilo.

Hamisha kitu kimoja kwa wakati mmoja

Kipimo bora ulichonacho hakihitaji mita ya umeme. Chukua tatizo la sikio moja linalokufa. Kwanza chomeka hedifoni kwenye simu uutikise waya wake karibu na plagi, kisha pale unapoingia kwenye kikombe cha sikio. Sauti ikikatika hapo, deki haina hatia. Hedifoni zikiwa nzima, zima mikisa, ubadilishane plagi nyekundu na nyeupe za deki ya kushoto nyuma ya mikisa, kisha uwashe. Ukimya ukihamia sikio la pili, tatizo liko upande wa deki: sindano, katriji (kile kisanduku kinachoshika sindano), mkono au waya. Ukibaki palepale, tatizo liko ndani ya mikisa au baada yake.

Tuseme ukimya umehama. Rudisha plagi, halafu hamisha kichwa cha sindano cha deki ya kushoto kwenda ya kulia. Ugonjwa ukifuata kichwa, shughulika na kichwa. Usipokifuata, shughulika na mkono na waya. Kwa dakika tano umeshajua ni wapi pa kushika, na hujalegeza skrubu hata moja. Andika matokeo kwenye karatasi, maana baada ya kubadilishana vitu mara nne kichwa kinachanganyikiwa.

Kabla ya kufungua

Chomoa waya wa umeme ukutani. Kuzima swichi tu hakutoshi. Kontrola inayokula USB, na mashine zenye adapta ya nje, hazina umeme hatari ndani. Mikisa na deki zenye waya wa umeme unaoingia moja kwa moja ni habari nyingine. Sehemu ya umeme ya aina ya swichi huugeuza umeme wa ukutani wa volti 230 kuwa takriban volti 325 za moja kwa moja, na kapasita kubwa ya hapo inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa. Bodi hiyo utaitambua kwa kapasita nene kama kidole gumba, transfoma na fyuzi. Usiiguse. Kazi zako zote za leo ziko mbali nayo.

Vifaa: bisibisi za nyota za ukubwa wa 1 na 2, mita, brashi laini ya rangi yenye upana wa sentimita 2 hivi, vijiti vya pamba, kitambaa kisichotoa nyuzi, alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 na zaidi, na dawa ya kulainishia feda. Alkoholi ya asilimia 70 ina maji karibu theluthi moja. Kwa plastiki ya nje inafaa, kwa bodi hapana. Tena usiifute alkoholi kwenye kioo cha plastiki angavu cha skrini, maana inaweza kukitia nyufa ndogondogo.

Vitasa huvutwa juu kwa vidole. Kikikataa, pitisha kamba ya kiatu chini yake uvute ncha zote mbili pamoja. Usikinyanyue kwa bisibisi, utakwaruza uso na kupinda shina. Mashine nyingi zina nati nyembamba chini ya vitasa, na bamba haliachii mpaka zitolewe. Piga picha kila unapotoa kitu. Skrubu zipange juu ya karatasi uliyochora umbo la mashine, kila moja mahali ilipotoka, kwa sababu urefu wake haufanani: skrubu ndefu ikirudishwa mahali pa fupi inaweza kutoboa kitu upande wa ndani, na kwenye feda inaingia mpaka inaukamata ulimi unaoteleza ndani.

Ukikutana na waya bapa mweupe kama utepe, usiuvute kwanza. Angalia soketi yake: kama ina kifungio cheusi au cha kahawia, kinyanyue kwa ukucha au kivute nje milimita moja, na utepe utatoka wenyewe. Kifungio kikivunjika, soketi nzima itabidi ibadilishwe, nayo ina miguu myembamba ambayo chuma cha kulehemu cha kawaida hakiiwezi.

Krosifeda ya mikisa

Sasa turudi kwa WD-40. Dawa ya kawaida ya kopo hilo kazi yake ni kufukuza unyevu na kulegeza chuma kilichoganda. Ndani ya feda itaosha grisi ya kiwandani na kuacha utando wa mafuta. Siku mbili za mwanzo feda inateleza vizuri, mtu anafurahi. Halafu utando unakusanya vumbi na mkwaruzo unarudi umekuwa mzito zaidi. Ndiyo maana ushauri huo hauishi: kila anayeutoa aliona siku mbili za kwanza. Kampuni hiyo inatengeneza pia dawa ya kusafishia kontakti, lakini hilo ni kopo jingine. Kwa feda tafuta dawa iliyoandikwa waziwazi kuwa ni ya njia za kaboni, kama DeoxIT F5. Ile DeoxIT D5 ni ya chuma kwa chuma: soketi, plagi na swichi.

Kabla ya kusafisha, jua feda yako ni ya aina gani. Ya kawaida ina njia nyeusi ya kaboni na ulimi wa chuma unaoteleza juu yake. Kwenye mikisa ya zamani na ya bei nafuu sauti yenyewe hupita kwenye kaboni hiyo, hivyo kila chembe ya vumbi unaisikia. Kwenye nyingine feda hubeba volti ya kuamuru tu na sauti hukatwa na saketi pembeni. Hizo huvumilia uchafu muda mrefu, zikianza kukwaruza ujue hali ni mbaya. Aina ya tatu haigusani kabisa, hutumia sumaku au kapasita, kama zile za sumaku za Rane au Innofader. Hiyo usiipulizie chochote ndani. Futa reli zake mbili tu na uweke tone dogo la mafuta mepesi.

Vipi kuhusu kuvuja? Kwanza hakikisha kinachovuja ni krosifeda. Sukuma krosifeda mpaka mwisho, kisha shusha feda ya chaneli inayovuja. Wimbo ukinyamaza, krosifeda ndiyo mkosaji. Usiponyamaza, punguza sauti yote ya mikisa usogeze sikio kwenye sindano: sindano yenyewe huimba hewani, na ukiwa chumbani usiku unaweza kudhani mikisa inavuja kumbe unasikia santuri ikisomwa. Kama unausikia kwenye hedifoni peke yake, angalia kitasa cha kuchanganya sauti ya hedifoni kabla ya kulaumu kitu.

Ikithibitika ni krosifeda, itoe. Kwenye mikisa nyingi imeshikwa na skrubu mbili usoni na plagi ndogo ya nyaya chini. Weka alama ya kalamu upande wa kushoto kabla ya kuitoa, maana nyingine zinaingia pande zote mbili. Ikiwa nje, weka mita kwenye omu. Pima miguu ya ncha mbili za njia: namba isibadilike ukisogeza ulimi, na feda nyingi zitakupa karibu kiloomu 10. Kisha pima mguu wa ulimi na ncha moja, ukisogeza polepole. Namba ipande bila kuruka. Itazame hasa mwishoni. Ikibaki omu 10 kati ya 10,000, sauti imeshuka desibeli 60, na kwenye wimbo wenye kelele husikii kitu. Ikibaki omu 100, imeshuka desibeli 40 tu, na huo ndio wimbo wako wa mbali. Toa kwanza upinzani wa nyaya za mita: zigusanishe zenyewe uone zinasoma ngapi.

Kusafisha sasa. Puliza vumbi kwanza kwa hewa ya kopo, kopo likiwa wima, kwa mipulizo mifupi. Likilala linatema kimiminika baridi. Kama feda ina kifuniko cha chuma chenye vijino vinne, vinyanyue kidogo kidogo kwa bisibisi bapa uifungue. Chovya kijiti cha pamba kwenye alkoholi, kikamue, upitishe juu ya kaboni kwa urefu, usisugue huku na huko. Rudia na kijiti kipya mpaka kitoke hakina weusi. Geuza uangalie ncha: huko ndiko uchafu unakosukumwa na ulimi kila unapokata, hulundikana kama tuta dogo jeusi, na tuta hilo ndilo linalouzuia ulimi usifike mwisho. Kuvuja kwingi kunaishia hapo. Ulimi ufute kwa kitambaa, usiukunje. Ukiinuka hata nusu milimita unapoteza mguso.

Acha ikauke dakika kumi na tano. Alkoholi imeondoa na grisi ya zamani, kwa hiyo ukirudisha ikiwa kavu itakula kaboni. Paka tabaka jembamba sana la dawa ya feda, sogeza ulimi mara ishirini au thelathini kutoka ncha hadi ncha, futa kilichozidi, upime tena. Kama ncha bado zinasoma mamia ya omu, au namba inakatika katikati mahali palepale, kaboni imeisha. Hiyo usiihangaikie, nunua nyingine. Linganisha vitu vinne: urefu wa mwendo (milimita 45 na 60 ndizo za kawaida), thamani ya omu, herufi ya mkunjo (inayoonyesha jinsi omu zinavyopanda kwenye mwendo), na mpangilio wa miguu. Feda ya mkunjo usio sawa itaingia vizuri na kufanya kazi, lakini sauti yote itakuja kwa ghafla kwenye robo moja ya mwendo.

Feda ya kontrola

Hapa ndipo watu hupotea. Kwenye kontrola, sauti haipiti kwenye feda. Feda hutoa volti, kontrola huigeuza kuwa namba, na programu ndiyo inayoshusha sauti. Ndiyo maana yako haikwaruzi bali inaruka. Kwa kontrola zinazotumia MIDI (lugha ya namba ya vifaa vya muziki na kompyuta), namba hiyo ni kati ya 0 na 127, na unaweza kuiona kwa macho: fungua programu ya kufuatilia MIDI, sogeza feda polepole uitazame. Ikienda 60, 61, 62, iko sawa. Ikienda 60, 61, 74, 63, ni uchafu. Ikitetemeka yenyewe wakati mkono haupo, ni uchafu pia au kaboni imechoka. Ikishuka vizuri ila inagoma kwenye 2 na haifiki 0, hapo hakuna ruko lolote, ila wimbo hauzimiki kabisa. Jaribu kwanza kuipima upya kwenye mipangilio ya kontrola kama ina huduma hiyo.

Kusafisha ni kulekule. Tofauti ni kwamba feda za chaneli kwenye kontrola nyingi zimelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, kwa hiyo utasafisha ikiwa mahali pake. Lenga bomba la dawa kwenye mwanya, bonyeza nusu sekunde, sogeza feda mara thelathini, iname upande ili kilichozidi kitoke. Usiimwagie. Subiri saa nzima kabla ya kuwasha.

Kitufe cha kucheza

Fungua, ubonyeze swichi yenyewe kwa kijiti cha plastiki bila kofia yake. Ukisikia mlio mkali wa "tik" na programu ikaitika kila mara, swichi ni nzima. Kofia imenata kwa soda au imechakaa pale inapogusa swichi. Osha kofia kwa maji ya sabuni, kausha, rudisha. Ukisikia mlio laini usioeleweka, au programu haiitiki mara moja kati ya tano, swichi imekwisha. Kuidondoshea alkoholi kunaifufua kwa wiki moja mbili tu, maana kile kisahani cha chuma ndani kimechoka.

Swichi nyingi za namna hii ni za mraba wa milimita 6 kwa 6 zenye miguu minne. Kinachowakosesha watu ni kimo. Pima kutoka kwenye bodi hadi juu ya kitufe: 4.3, 5 na 7 zote zipo, na ukiweka ndefu kwa milimita moja kitufe kitabaki kimebonyezwa milele baada ya kufunga. Kuitoa, ongeza kwanza lehemu mpya kidogo kwenye kila mguu. Lehemu ya zamani ikichanganyika na mpya inayeyuka kwa urahisi. Kisha ifyonze kwa utambi wa shaba au pampu. Bado ikigoma, kata mwili wa swichi kwa koleo kali utoe mguu mmoja mmoja. Swichi ni ya kutupa, bodi si ya kutupa. Ukiivuta kwa nguvu unang'oa mduara wa shaba pamoja na mguu.

Miguu minne ni jozi mbili, na miguu ya jozi moja imeunganishwa ndani muda wote. Ukiizungusha robo duara, kontrola itadhani umebonyeza daima. Thibitisha kwa mita kabla ya kulehemu: jozi ipige mlio bila kubonyeza, jozi kwa jozi ipige ukibonyeza tu.

Deki inayovuma

Katriji ya sumaku hutoa milivolti chache tu, na mikisa inazikuza karibu mara mia. Mvumo wowote utakaoingia hapo unakuzwa nao. Anza na waya mwembamba wenye kidoleo cha chuma unaotoka nyuma ya deki sambamba na nyaya za RCA, zile zenye plagi nyekundu na nyeupe. Huo ni wa ethi, na lazima ubanwe kwenye skrubu ya ethi nyuma ya mikisa, chuma kwa chuma, bila rangi wala kutu katikati. Mtihani wa haraka: gusa mkono wa deki kwa kidole muziki umesimama. Mvumo ukibadilika, ethi imekatika mahali. Pima kwa mita kutoka chuma cha mkono hadi ncha ya waya huo. Isome karibu na sufuri.

Kama ethi iko sawa, sogeza adapta na transfoma mbali na nyaya za RCA, halafu chomoa kontrola na chaja ya kompyuta kimoja kimoja. Mvumo ukifa ukichomoa chaja, una mzunguko wa ethi, yaani vifaa vimeungana ethi kwa njia zaidi ya moja. Chomeka vifaa vyote kwenye ubao mmoja wa soketi. Usije ukakata pini ya ethi kwenye plagi ya umeme ili kuua mvumo. Unaua kelele kwa kuondoa kitu kinachokukinga usipigwe na umeme kasha likigusana na waya wenye umeme.

Sikio linalokufa, kwa deki, huwa katika sehemu tatu. Ya kwanza ni shingo ambapo kichwa cha sindano kinaingia kwenye mkono: pini nne ndogo zenye springi. Zifute kwa kijiti cha alkoholi, kisha bonyeza kila moja kwa ncha ya plastiki uone inarudi. Inayobaki imezama haigusi. Ya pili ni nyaya nne nyuma ya katriji. Mweupe ni kushoto chanya, bluu kushoto hasi, mwekundu kulia chanya, kijani kulia hasi. Klipu ikilegea, itoe kwenye pini, ibane kidogo kwa koleo nyembamba, uirudishe. Usilehemu kwenye pini ya katriji hata kwa sekunde moja. Joto linapanda ndani na kukata koili. Ya tatu ni waya wa RCA pale unapotoka kwenye plagi, mahali unapokunjwa kila siku.

Plagi za RCA ukizibadilisha, kumbuka kwamba Technics SL-1200MK2 ya 1979 na ndugu zake wengi wa wakati huo wana nyaya zilizolehemiwa ndani ya deki, wakati MK7 ya 2019 ina soketi nyuma. Kwa zile za zamani, kata waya sentimita tano juu ya plagi mbovu uweke plagi mpya palepale. Huna haja ya kufungua tumbo la deki kwa ajili ya ncha iliyokatika.

Kwanza pitisha kofia ya plagi kwenye waya. Kila mtu huisahau angalau mara moja, akalehemu vizuri, akaiona kofia imelala mezani. Chuma kiwe nyuzi 330 hadi 350 kwa lehemu yenye risasi, ambayo huanza kuyeyuka nyuzi 183. Kwa isiyo na risasi panda karibu 370. Paka lehemu kwanza kwenye waya na kwenye plagi kila kimoja peke yake, kisha viunganishe kwa sekunde mbili au tatu. Waya wa katikati kwenye pini, wavu kwenye ganda. Usitikise mpaka igande. Kiungo kizuri hushika waya na chuma kama tone lililolowa. Kikiwa kama shanga iliyokaa juu juu, hakijashika, kipashe tena na flaksi (dawa ya kusaidia lehemu ishike) kidogo. Banisha meno ya plagi juu ya ganda la nje la waya, kwa sababu lehemu haikutengenezwa kubeba mvuto. Kama una pia waya wa XLR, ule wenye plagi ya miguu mitatu: mguu 1 ni wavu, 2 chanya, 3 hasi.

Matunzo ya kati

Brashi ya wiki kwenye mianya ya feda, na kifuniko kila ukimaliza kazi, vitakuokoa kuliko dawa yoyote. Sindano isafishwe kwa brashi yake kutoka nyuma kuja mbele, kamwe si kinyume. Deki za SL-1200 za zamani huhitaji matone mawili matatu ya mafuta kwenye mhimili kila baada ya saa 2,000. Kwa saa mbili kwa siku hiyo ni karibu miaka mitatu, kwa hiyo wanaoipaka kila mwezi wanalisha vumbi tu. Amplifaya iwashe mwisho na uizime kwanza, ili mshtuko wa kuwasha mikisa usifike kwenye spika. Mashine ikitoka penye baridi kuingia penye joto, iache saa moja au mbili kabla ya kuiwasha, unyevu ukauke.

Fyuzi ikikatika, weka ya ampea zilezile na herufi ileile, T kwa T na F kwa F. Ya pili ikikatika papo hapo, kuna kitu kimeungua kwenye ile bodi niliyokuambia usiiguse, na hiyo ipeleke kwa fundi.

Ukishafunga kila kitu, usirudishe vitasa bado. Washa, pitisha kila feda, bonyeza kila kitufe, tikisa kila waya, kisha iache ikipiga nusu saa na urudi kuisikiliza ikiwa imepata moto. Kiungo ambacho hakijashika hujitokeza hapo, na kufungua mara ya pili bila vitasa ni kazi ya dakika tatu.